Namna ya Kuacha Kubebwa: Mwongozo kwa Mpanda Bodaboda wa Tabora Aliyevunjika Mguu

Mwongozo huu ni wa mpanda bodaboda wa Tabora aliyevunjika muundi, akalazwa, akafungwa plasta au akatiwa chuma, na sasa amerudi nyumbani Isevya, Cheyo au Ng'ambo akiwa na magongo mawili, bahasha ya picha za eksirei na ndugu wenye upendo mwingi. Magongo tutayapa kazi yake. Picha zitunze, maana utaulizwa kila kliniki. Shughuli iko kwa hao ndugu.

Wamekuja kukubeba. Mama amehamishia godoro sebuleni. Mdogo wako amepewa zamu ya kukuletea maji ya kunawa. Shangazi amefunga safari kutoka Sikonge na kuku wake mkononi, na sasa anakunywesha mchuzi kwa kijiko, ingawa kilichovunjika ni mguu na mikono yako yote miwili ni mizima. Wapokee, washukuru, mchuzi unywe. Kisha anza siku hiyo hiyo kujifunza kuwakatalia, kwa sababu mguu hauponi kwa kubebwa. Daktari amekaa na mfupa wako, na mfupa utajiunga wenyewe ukipewa muda. Paja, goti na kifundo vinangoja kazi, na kazi hiyo hakuna ndugu wa kukufanyia.

Najua ni agizo zito kulitoa katika mji uliopata jina kwa kubeba. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walishusha pembe za ndovu kutoka huku hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi kwa miguu, kila mpagazi na mzigo wa karibu frasila mbili begani, yaani kilo 30 na kitu. Walibeba na watu. Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, akakirimiwa na Snay bin Amir. Mapema mwaka uliofuata, akiwa njiani kwenda Ujiji, homa ilimshika miguu ikafa ganzi. Akapandishwa kwenye machila, na ilipita karibu mwaka mzima kabla hajatembea kwa uhuru tena. Hakuwa na namna, na wapagazi walimtendea wema mkubwa. Wewe unayo namna, na mchukuzi wa machila yako ni mdogo wako wa darasa la sita, ambaye ana masomo yake.

Kwihara, kilomita chache nje ya mji, ndiko kunakopatikana mafunzo mengine mawili. La kwanza ni la John Shaw, baharia Mwingereza aliyekuja na Henry Stanley mwaka 1871. Stanley alikuwa ameanza safari Bagamoyo na farasi wawili, na wote wawili walikufa njiani, mwanzoni kabisa mwa safari. Walipofika Unyanyembe waliobaki na kipando walikuwa na punda. Septemba ya mwaka huo, njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ikiwa imefungwa na vita vya mtemi Mirambo, Stanley alizunguka kusini, na Shaw aliyekuwa mgonjwa akapandishwa punda. Akaanguka. Akapandishwa tena, akaanguka tena, mara kwa mara, hadi baada ya siku chache akarudishwa Kwihara kwa machila. Huko alifia, na kaburi lake liko huko. Mtu ambaye hawezi kukaa wima kwenye kigoda hapandishwi kwenye kipando. Kila nikisikia kijana amerudi kijiweni wiki ya pili baada ya kutolewa plasta, huku anashikilia tangi la mafuta asiyumbe, namkumbuka Shaw.

La pili ni la David Livingstone, aliyekaa Kwihara miezi kadhaa ya mwaka 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umesagwa na simba huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, mwaka 1844, na mfupa wa juu haukuunga sawasawa. Pale palipovunjika pakabaki panachezacheza, kiungo ambacho Mungu hakukiweka. Alipokufa mwaka 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kupitia hapa Tabora hadi pwani, na London mwaka 1874 daktari Sir William Fergusson aliutambua kwa mfupa ule ule. Miaka 30 hivi, na kosa bado lipo linaonekana. Kwa hiyo daktari akikuambia rudi baada ya wiki sita tupige picha nyingine, rudi, hata kama maumivu yameisha na nauli ni ngumu. Muundi wa mtu mzima kwa kawaida unataka miezi mitatu, minne au zaidi, na maumivu kuisha si ushahidi kwamba umeunga.

Sasa tuanze.

Siku za kwanza kazi yako ni kulala kwa ustadi. Mguu uwe juu kuliko moyo. Mito miwili haitoshi, omba na ule wa mjomba. Vidole vichezeshe kila saa uliyo macho, juu na chini, hata kama inaonekana ni mchezo wa mtoto, maana ndivyo damu inavyosukumwa kurudi juu. Vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi, vikawa baridi, au maumivu yakazidi kila saa badala ya kupungua, hapo usingoje asubuhi wala ushauri wa jirani. Rudi hospitali usiku huo huo. Plasta iliyobana inaweza kuua mguu ndani ya saa chache. Kwa hilo tu, naruhusu ubebwe mbio.

Wageni watafika kwa zamu, kila mmoja na "mwangaluka" yake na dawa yake. Mmoja atakuambia usiuguse mguu mpaka mvua zijazo. Mwingine atamsifu mkandaji wa Uyui aliyemtengeneza shemeji yake. Wape wote kazi. Mgeni akiingia, asiletewe kiti na mtoto: wewe mwenyewe, ukisharuhusiwa kusimama, inuka na magongo umwoneshe kiti kilipo. Mgeni wa tano atakukuta tayari umefanya safari tano za sebuleni. Shangazi aliyekuja na kijiko mpandishe cheo. Awe ndiye mwenye hesabu ya mazoezi. Mtu aliyepika msibani kwa watu mia tatu bila wali kuungua anaweza kabisa kukuhesabia mara kumi, na hatakubali uibe hata moja.

Bora zaidi, mwite mtani. Wanyamwezi na watani wao wa njia ya misafara, Wazaramo kwa mfano, wana ruhusa ya kuambiana yale ambayo ndugu wa damu anayameza. Mama yako akiona unatetemeka kwenye magongo atalia na kukurudisha godoroni. Mtani atasimama mlangoni na kuuliza kama hilo ndilo kabila lililovuka Ugogo na meno ya tembo begani, mbona linashindwa kufika chooni. Utafika chooni. Ninaamini kabisa kwamba utani umeinua wagonjwa wengi, na ningependa kila chumba cha mazoezi nchini kiwe na mtani mmoja wa kuajiriwa.

Paja ndilo linaloibiwa kwanza. Ndani ya wiki mbili za kulala tu, misuli ya mbele ya paja hupungua hata kanga ikifungwa inaonesha tofauti ya kushoto na kulia. Kwa hiyo, kama daktari hajakataza, kaa na mguu umenyooka, bana paja kana kwamba unataka kubonyeza uvungu wa goti kwenye godoro, shikilia ukihesabu hadi kumi, legeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Halafu inua mguu mzima ulionyooka, shibri moja kutoka kitandani, ushushe polepole. Kifundo, plasta ikishatoka, pitishia kanga chini ya wayo, shika ncha mbili na uvute vidole vikuelekee mpaka shavu la mguu likaze. Kanga ya mama inatosha. Chagua iliyochakaa, kwa sababu utaivuta kwa miezi.

Kuhusu mkandaji nitasema wazi, maana hapa vijana wanapoteza miguu. Wakandaji na waganga wa mifupa wana vitu ambavyo hospitali zetu zenye foleni mara nyingi hazina: wanakuja nyumbani, wanakaa, wanamjua baba yako, wanarudi kesho. Wengine humvunja kuku mguu na kumfunga pamoja na mgonjwa, ili kuku akipona na mtu naye aanze kutembea. Kuku kwa kawaida anawahi, na mgonjwa anaaibika. Sina ugomvi na kuku. Ugomvi wangu uko kwenye mambo matatu. Mfupa mbichi ukikandwa unahama, na vijiti vikifungwa kwa nguvu juu ya mguu unaovimba vinazuia damu mpaka mguu unaoza. Na kiwiko kilichoumia kikikandwa kwa nguvu, nyama inaweza kuota mfupa ndani yake na mkono ukakakamaa kabisa. Mkandaji akija, mkaribishe chai, msikilize, mwombe akukande mabega yanayouma kwa magongo. Mguu ni wa mtu wa mazoezi wa hospitali.

Mtu huyo anapatikana. Anza Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikibidi utapelekwa Bugando Mwanza, KCMC Moshi au MOI Dar es Salaam. Ukiwa pale, usikubali kuondoka na maneno "fanya mazoezi" peke yake. Uliza: mazoezi gani, mara ngapi, na mguu ubebe kilo ngapi hadi lini. Mwambie aandike kwenye cheti. Mwombe ufanye mbele yake, akusahihishe. Ni haki yako.

Magongo nayo yana adabu yake. Kichwa cha gongo kikae vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ushuke kwenye viganja. Ukilining'inizia kwapa, unabana mishipa ya fahamu ya mkono, na unaweza kuamka siku moja kiganja kimelegea hakiinuki. Hapo utakuwa umeongeza ugonjwa. Kupanda ngazi, mguu mzima utangulie. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa vitangulie. Ukibakiwa na fimbo moja, ishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, hata kama mtaa mzima unakuambia umekosea. Mpira wa chini ya gongo ukilika, fundi wa makatambuga anakukatia mwingine kwenye tairi kuukuu. Na tukiwa kwa fundi huyo: katambuga lenye mkanda wa kisigino ni kiatu kizuri cha mazoezi kuliko ndala, ambazo zinakuacha katikati ya mchanga wa Tabora ukibana vidole ili zisikuponyoke.

Kuupa mguu mzigo ndiko kunakowashinda wengi, na hapa mababu zetu wametuachia kipimo. Frasila ni kilo 16 kwa makadirio. Mtu wa kilo 64 ni frasila nne. Akisimama wima kwa miguu miwili, kila mguu una frasila mbili, mzigo wa mpagazi hasa. Akitembea bila gongo, kila hatua mguu mmoja unabeba zote nne peke yake. Ndiyo maana kutoka kwenye magongo moja kwa moja hadi kutembea ni kumpa mpagazi mgeni mzigo wa wawili siku ya kwanza.

Daktari akishaangalia picha na kukuruhusu kuanza, tafuta mizani ya kupimia watu. Weka mguu mgonjwa kwenye mizani na ule mzima juu ya tofali lenye kimo hicho hicho. Shika magongo, egemea polepole upande wa mizani mpaka mshale ufike 16. Funga macho, uisikie frasila moja ilivyo mguuni. Ondoka, rudia, mpaka uweze kuipata bila kutazama. Hiyo ndiyo hatua yako ya wiki hizo. Akikuongezea, nenda frasila mbili kwa njia hiyo hiyo. Mjini hapa pana mizani kila kona, ya asali, ya mpunga, ya tumbaku. Omba ile inayokanyagika, na mwenye duka akiuliza unauza nini, mwambie unapima mguu.

Sasa vinavyoingia mwilini, na tumbaku kwanza. Mkoa wetu unaiishi. Urambo na Sikonge watoto wamesomeshwa kwa majani yale. Iuzwe. Lakini moshi wake huchelewesha mfupa kuunga, hilo limethibitika, na mpanda boda anayevuta huku anauguza muundi anajiongezea miezi ya magongo. Pesa ya sigara nunua mayai, karanga, maharage, dagaa wa Kigoma wanaoshuka hapa kwa treni. Michembe na matobolwa vinashibisha, navipenda sana, ila mfupa na misuli vinataka zaidi ya wanga.

Goti likianza kukunjika vizuri, kuna mashine ya mazoezi iliyoegeshwa karibu kila ua wa Tabora. Ni ile baiskeli ya mizigo yenye stendi pana ya nyuma, inayoinua gurudumu likabaki hewani. Pandisha kiti juu kuliko ulivyozoea ili goti lisikunjwe sana. Mdogo wako, aliyekuwa mchukuzi, sasa ashike usukani isiyumbe. Panda kwa upande wa mguu mzima. Zungusha pedali kinyumenyume kwanza; kama mzunguko haukamiliki, nenda nusu mbele nusu nyuma, bila kulazimisha. Siku ukikamilisha mzunguko, piga kelele uani. Baadaye zungusha mbele, dakika tano, kumi, na mtu akibana breki kidogo paja litatafuta kazi yake yote ya zamani.

Wenzetu wa farasi wanalijua hili vizuri. Kuna mchezo wa dresaji, ambao farasi huendeshwa uwanjani kwa hatua zilizopangwa, na mpandaji humwongoza kwa mwondoko mdogo wa nyonga, paja na kisigino ambao mtazamaji hauoni. Lis Hartel wa Denmark aliugua polio mwaka 1944 akiwa mjamzito. Aliambulia kutambaa, kisha magongo, na chini ya magoti miguu haikurudi. Akajifunza upya kumwongoza farasi wake Jubilee kwa uzito wa mwili na mgongo. Mwaka 1952 huko Helsinki, Olimpiki ya kwanza kuruhusu wanawake kwenye dresaji, alichukua medali ya fedha akishindana na wanaume, huku akihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka farasi. Akaichukua tena mwaka 1956. Alisaidiwa pale tu alipohitaji, na sehemu iliyobaki aliifanya mwenyewe.

Pikipiki nayo ni kazi ya vifundo na nyonga. Mguu wa kushoto unainua na kukanyaga gia, wa kulia unashika breki ya nyuma na kupiga kiki, na yote miwili unaishusha chini unaposimama na abiria na gunia lake. Kabla hujagusa ufunguo, simama kwa mguu uliovunjika peke yake sekunde thelathini bila kushika ukuta. Chuchumaa na uinuke. Ruka kidogo kwa mguu huo. Kaa kwenye pikipiki iliyozimwa, ilaze upande wa mguu huo kidogo na uirudishe wima. Kanyaga breki kwa ghafla, mara kumi. Kimoja kikishindikana, wewe bado ni mtembea kwa miguu, na safari yako ya mazoezi ni kwenda Kwihara kwenye tembe la Livingstone, siku moja robo ya njia, siku nyingine nusu.

Kinachowarudisha vijana barabarani mapema si ubishi. Ni hesabu. Pikipiki ni ya bosi, mkataba unakwenda, na kila jioni anataka chake. Nimeona mazoezi mazuri ya wiki nane yakivunjwa na simu moja ya bosi. Kwa hiyo zungumza naye mapema, ukiwa bado na plasta, na usiende peke yako: mwenyekiti wa kijiwe awepo, na mjomba anayejua kusema bila kupandisha sauti. Mpendekezee deiwaka atakayeishika pikipiki mpaka tarehe ya picha yako ya mwisho, mkataba usogezwe mbele kwa miezi hiyo, na ukirudi uanze kwa nusu siku na nusu hesabu. Mwoneshe cheti. Bosi mwenye akili anajua dereva aliyepona ni nafuu kuliko pikipiki iliyoanguka mara ya pili. Kijiwe chenye mfuko wa kusaidiana kiamue kabisa kwamba mchango wa majeruhi ni wa miezi yote ya kutofanya kazi, usiishie kwenye bili ya kulazwa, na kisicho na mfuko bado kianze wiki hii.

Wiki ya kwanza ya kurudi beba abiria mmoja, mwepesi, wa mjini, saa za asubuhi wakati barabara ni kavu. Gunia lingoje wiki ya tatu. Mishikaki usibebe kabisa, na kofia ngumu iwe kichwani hata kwa safari ya hapo sokoni. Kila jioni vua kiatu utazame kifundo. Kikivimba na asubuhi kikawa kimenywea, endelea vivyo hivyo. Kikiamka bado kimevimba, siku hiyo fanya nusu ya safari za jana, jioni uweke mguu juu ya mito ya mjomba, na uvimbe ukikaa siku ya tatu mpigie mtu wa mazoezi.